Namba ya Metod

Dereva wa gari la kusukuma theluji ndiye aliyemrudisha Metod Hudak nyumbani alfajiri ile ya Februari. Mzee alikuwa amevaa suruali ya kulalia, buti, na kofia yake ya kazini, na mkononi alishika kikopo cha chakula cha mchana ambacho ndani hakikuwa na kitu ila kijiko. Alikutwa amesimama katikati ya reli, pale kwenye kivuko cha Barabara ya Nne, anaitazama saa yake na kulaani.

"Alikuwa anasubiri injini, mama," dereva alimwambia Verona mlangoni. "Na treni ya makaa ilishapiga honi darajani. Ikabidi nimvute kwa nguvu. Akanitandika na hicho kikopo."

"Yesu wangu! Amekuumiza, mwanangu?"

"Aa, mimi nina kichwa kigumu. Lakini itanibidi nitoe taarifa kwa wakubwa. Sina namna."

"Toa tu," Verona alisema. Alikuwa na miaka sabini na alishachoka kuwaomba watu wanyamaze.

Metod alimpita mkewe kama mtu anavyompita karani wa stesheni, akaingia sebuleni na theluji yake kwenye buti, akasimama mbele ya picha iliyotundikwa juu ya kochi. Hapo pumzi zake zikashuka.

Ilikuwa picha ya rangi, pana kama kochi lenyewe. Treni ya mvuke inatokeza kwenye pengo la milima, theluji imefunika kila kitu, moshi mzito unapanda juu ya misonobari, na pembeni kuna stesheni ndogo yenye taa ya manjano na watoto wawili wanaopunga mikono. Ni zile picha zinazoufanya msimu wa baridi uonekane mtamu kwa mtu asiyewahi kuushikia koleo. Mbele ya injini, na tena chini ya dirisha la dereva, palikuwa na namba nyeupe: 1187.

"Kumi na moja themanini na saba," Metod alisoma. "Ipo."

"Ipo. Kaa nikuvue buti."

"Iko nje inanisubiri?"

"Bado wanaijaza maji. Kaa kwanza, bwana."

Akakaa. Injini yenyewe ilikwisha kukatwakatwa ikauzwa vyuma chakavu zaidi ya miaka thelathini nyuma, lakini kwa muda wote huu wa ugonjwa Verona alikuwa akiijaza maji kila asubuhi, na uongo huo ndio uliokuwa ukimweka mumewe nyumbani. Siku hiyo Metod aliamka mapema kuliko yeye, basi. Hata mlinzi husinzia.

Taarifa ilifika kwa wakubwa kama ilivyoahidiwa. Kaunti ikamtuma kijana mmoja mpole mwenye mafua, akakaa jikoni na kufuta pua, akasema mzee hawezi tena kuishi katika nyumba ambayo reli iko hatua chache kutoka mlangoni. Dolores, binti yao, ambaye kila mtu alimwita Dolly, alikuja moja kwa moja kutoka jiko la shule anakofanya kazi, kichwani bado amevaa wavu wa nywele.

"Kwa hiyo mnampeleka wapi?" aliuliza.

"Nyumba ya wazee ya kaunti ina nafasi."

"Ile ng'ambo ya milima miwili? Mama haendeshi gari. Mimi natoka kazini jioni. Theluji ikianguka barabara inafungwa. Unajua wewe, tutamwona mara ngapi?"

"Najua, dada. Kuna ile ya masista, hapo kilimani."

"Masista wanataka malipo ya mwaka mzima kabla hajavuka mlango."

Kijana alifuta pua tena. "Nalijua hilo pia," alisema, na ilionekana kweli linamuuma. Akawapa hadi mwisho wa mwezi wa tatu.

Nyumba hawakuweza kuiuza. Tangu karakana za reli zilipofungwa pale Kesler Gap, nyumba zilikuwa kama paka: hununui, unapewa. Pensheni ilitosha mafuta ya kupasha nyumba joto, dawa, na kabichi. Dolly alizungusha macho chumba kizima akitafuta kitu chenye thamani, na macho yakaishia juu ya kochi.

"Mama, ile picha. Huyu si ni Voss?"

"Jina lake liko pale pembeni. Soma."

"Crandall Voss. Huyu ndiye aliyekuwa anachora kalenda za reli. Jumamosi wanakuja watu wa mnada kutoka Filadelfia, watakuwa kwenye ukumbi wa zimamoto. Wanapima vitu vya zamani."

Verona aliendelea kukunja kitambaa cha mezani. "Basi na waipime," alisema baadaye. "Hiyo si kama za kalenda. Hiyo hata namba yake ni ya kweli."

Alisema hivyo kwa fahari, na kwa mtu wa Kesler Gap hilo halihitaji maelezo. Pale namba ya injini ni jina la mtu. Wazee wanaitana kwa namba baa, wanazishona kwenye mashati ya timu, na makaburini, chini ya msalaba na tarehe, fundi huchonga namba ya marehemu kabla ya neno lolote la Mungu. Mke wa mtu akiulizwa mumewe alikuwa nani, hutaja namba.

*

Metod hakuweza kuachwa peke yake, kwa hiyo alikwenda nao. Akakalishwa kiti cha mbele na kofia yake. Picha ilifungwa ndani ya mfarishi wa kitandani, ikasukumwa garini hadi pembe moja ikatokea dirishani, na Regis Dolan akakaa nyuma akiishikilia, theluji ikimpiga usoni. Regis ndiye aliyekuwa mchochea moto wa Metod. Kwa miaka mingi huyu aliendesha na yule akatia makaa, na mpaka leo Regis hutembea kwa fimbo kwa sababu ya mgongo aliouacha kwenye koleo.

Ukumbini watu walikuwa wamejaa na mizigo yao: saa za ukutani, wanasesere, bunduki za mababu, mabakuli yaliyofungwa kwa magazeti. Wake wa wazimamoto walikuwa wakiuza kahawa na soseji kwa kabichi chachu.

"Mmebeba jeneza la nani?" mtu mmoja akadakia kwenye foleni.

"La kwako," Regis akajibu. "Tumelileta tupime kama utaenea."

Kupima kwenyewe kulifanyika mezani, hadharani, mbele ya masikio yote ya mji. Mama aliyewatangulia alitoa sahani kumi na mbili alizokuwa hajawahi kuzilia tangu aolewe, akaambiwa zilikuwa zikitolewa bure na maduka ya vyakula kwa anayenunua unga. Akazirudisha kwenye gazeti moja moja, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu kila mtu alikuwa anaomba yasimpate hayo.

Mpimaji aliitwa Bibi Whitlow, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na miwani inayoning'inia shingoni, na sauti ya mtu aliyekwisha kuwavunja moyo watu wengi tangu asubuhi. Aliufunua mfarishi. Akavaa miwani. Akaigeuza picha, akasoma muhuri wa kampuni ya reli nyuma, akaigeuza tena.

"Mliipata wapi hii?"

"Ilikuwa ofisini kwa mkuu wa reli," Verona alisema. "Walipokarabati ofisi, karani akampa mume wangu kwa chupa mbili za pombe ya plamu. Dolly huyu alikuwa anatambaa."

"Hii si nakala, mama. Hii ndiyo yenyewe. Kalenda ilichapwa kutoka kwenye turubai hili hili."

Manong'ono yakakatika. Dolly akaushika mkono wa koti la mama yake kama alivyokuwa akiushika utotoni. Bibi Whitlow akatoa taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, akajifunika kitambaa cheusi kichwani pamoja na picha, na kwa muda watu wakawa wanautazama mgongo wake tu.

"Aa," alisema huko ndani. Ilikuwa sauti ndogo, lakini Verona aliisikia.

Alipotoka alikuwa amevua miwani. "Kuna mtu ameichezea."

"Ameichezea vipi?" Dolly akauliza.

"Namba hizi mbili si za Voss. Kalenda ya mwaka ule ninayo, injini ilikuwa na namba nyingine. Mtu amepaka juu yake. Amefanya vizuri, tena vizuri sana, kwa macho matupu nisingeona. Lakini ameiharibu."

"Mpumbavu gani huyo?" mtu akasema nyuma, na wengine wakacheka.

"Atakuwa yule karani," Dolly alisema kwa hasira. "Mlevi yule. Mungu amlaze pabaya."

"Kuna anayejua ni nani hasa? Ingesaidia kujua alitumia rangi gani."

"Yule msichana wa karakana ya rangi," Metod alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya picha yake, kikombe cha kahawa magotini, ametulia kuliko mtu yeyote ukumbini.

"Mfupi hivi," akaendelea, na kuonyesha kwa kiganja. "Wakati wa vita waliwaingiza wasichana karakana. Yeye ndiye aliyekuwa anaandika namba. Ana mdomo huyo! Nilisimama chini nikamwambia, dada, hiyo moja ya pili imeinama. Hata hakugeuka. Akasema, panda injini yako uende zako."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa huruma. "Baba, kunywa kahawa yako," Dolly alisema, akamwinamia Bibi Whitlow. "Utusamehe. Baba yangu hayuko sawa siku hizi."

Verona aliuweka mkoba wake mezani. "Msichana huyo ni mimi," alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Niliandika namba kwenye injini yake ya kweli, ndivyo tulivyojuana. Alipoileta hii picha nyumbani alifurahi, halafu hakufurahi. Kila akila anaitazama. Anasema picha nzuri, ila injini ya watu wengine. Siku ya kuzaliwa kwake alikuwa safarini. Nikaomba rangi karakana, rangi ile ile ya injini, nikaandika." Akauvuta mkoba karibu. "Nilidhani nimeiongezea thamani."

Metod alimtazama mkewe kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyejiingiza katika hadithi isiyomhusu. "Si wewe, mama," alimwambia kwa upole. "Yule ni msichana."

Bibi Whitlow aliona uso wa Verona, akavuta kiti na kuinamisha kichwa ili mazungumzo yawe ya watu wawili, na kwa hilo Verona alimshukuru moyoni mpaka mwisho.

"Samahani kwa neno nililolitumia. Niambie, ulipaka juu ya vanishi?"

"Sasa ningepaka wapi? Chini ya vanishi?"

"Basi una bahati. Tuna fundi wa kusafisha. Namba za Voss ziko hapo chini, salama. Hizi zitatoka."

"Zitatoka kiasi gani?"

"Zote. Haitabaki hata alama."

Akaeleza kwamba ilivyo sasa picha ni kitu cha kuchekesha, labda atajitokeza mtu ainunue kwa ajili ya fremu. Ikisafishwa ataipeleka mnadani, na kuna wanunuzi wawili anaowajua kwa majina, wazee matajiri wenye kiu ya treni, ambao watagombana. Akataja kiasi anachokitarajia. Dolly akakaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

*

Jioni walikula haluski jikoni, tambi na kabichi iliyokaangwa kwa siagi, na Regis alikula pamoja nao kwa sababu tangu alipofiwa na mkewe hapakuwa na mtu aliyekumbuka kumfukuza. Sebuleni Metod alikuwa amesimama mbele ya picha, ambayo walikuwa wameirudisha ukutani mpaka Jumatatu.

"Hakuna cha kufikiri, Mama," Dolly alisema. "Masista wako hapo juu. Tunalipa mwaka, tena na wa pili. Namba ni rangi tu."

"Rangi tu!" Regis akaweka uma chini. "Wewe umezaliwa mji gani, binti? Shemeji, nisikilize mimi. Utamfutia mtu jina lake angali hai?"

"Hata jina lake lenyewe halijui, Regis," Verona alijibu.

"Hiyo namba anaijua! Ndicho kitu pekee anachokijua! Mimi ananiita Frank. Frank, mchochea wake kabla yangu, alikufa kabla ya vita. Lakini namba haijampotea hata siku moja."

"Na wewe," Verona alimuuliza, "utakuja kulala mlangoni pangu ili akiamka umzuie?"

Regis akaushika tena uma wake.

"Utakuja? Maana mimi nimelala na kiti kimeegemezwa mlango wa mbele na kingine wa nyuma, na bado alinipita. Ile treni ya makaa haina breki za kumsubiri. Nimchongee namba kwenye jiwe mwezi huu, ndiyo utafurahi?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

"Ndivyo ulivyosema."

Dolly alikuwa akichora mistari kwa uma kwenye siagi ya sahani. "Kwa nini hukuniambia kamwe?" aliuliza. "Miaka yote hii. Nimeikuta pale ukutani nikadhani imetoka hivyo. Leo nimemtukana mama yangu mbele ya mji mzima."

"Ulimtukana karani."

"Mama."

"Ningekwambia nini? Kwamba niliwahi kuwa na mkono mzuri? Vita vikaisha, wanaume wakarudi, wakatuambia asanteni wasichana nendeni mkapike. Nikaja kupika. Hukuuliza, nami nilikuwa na sufuria jikoni."

Alisimama akaanza kukusanya sahani ijapokuwa Regis hajamaliza. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao hauishi kwa kulala. Alimpenda mumewe, na alikuwa na hasira naye, na alimwonea wivu msichana mmoja mfupi mwenye mdomo ambaye hakuwa mwingine ila yeye mwenyewe. Mambo hayo yote matatu alikuwa nayo kifuani wakati mmoja, na sahani mkononi.

"Niliiandika mimi," alisema. "Nikitaka ifutwe, itafutwa. Nataka awe mahali nitakapofika kwa miguu yangu mwenyewe."

Jumatatu watu wa mnada wakaja na gari na blanketi za kijivu. Metod alifikiri injini inapelekwa karakana kufanyiwa matengenezo, akawasimamia kwa ukali, akawaonya wasiikwaruze.

*

Ukuta ulibaki na kiraka cha rangi ya krimu, pana kama kochi, ambapo karatasi ya ukutani haikuwahi kuona jua. Asubuhi ya kwanza Metod alisimama mbele yake akakisoma kiraka kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuona kitu. Akaanza kutafuta nyuma ya mapazia, ndani ya kabati la makoti, chini ya meza, na kila Verona alipomwambia bado wanaijaza maji alimjibu kwa hasira, "Wanajaza nini? Haipo! Wewe mama ni nani? Umeiweka wapi?"

Siku zikaenda hivyo. Akaacha kula akiwa amekaa. Mchana wa siku moja alimsukuma Verona ukutani, yeye ambaye tangu amwoe hakuwahi kumwinulia mkono, na Verona akamwambia Dolly kwamba alama ya bluu mkononi ni ya mlango wa friji. Dolly alimtazama, akasema haya, Mama, mlango wa friji.

Bibi Whitlow akapiga simu. Wale wazee wawili waligombana kama alivyotabiri, na mauzo yalikuwa mazuri. "Nilitaka ujue," aliongeza, "fundi alisema hajawahi kuona maandishi yaliyonyooka vile. Alisikitika kuyatoa."

"Yametoka yote?"

"Yote, mama."

"Vizuri," Verona alisema. Akakata simu akaenda kumwosha mumewe.

Siku hiyo hiyo alishuka stoo ya chini akatafuta brashi yake ya zamani, ile ndefu ya manyoya laini, akaikuta ndani ya soksi. Regis akamletea kopo dogo la rangi nyeupe. Verona alikaa jikoni akajaribu kwenye kipande cha katoni. Mkono ukamtetemekea. Namba zikatoka zimelegea, zimevimba huku na kukonda kule. Metod akaja akachungulia juu ya bega lake.

"Mtoto gani ameandika?" aliuliza.

Verona akakitia kile kipande kwenye moto wa jiko, brashi akaifuta vizuri kwa sababu hakufundishwa kulaza brashi chafu, akaitupia mkobani. Kopo Regis akaliondoa.

*

Walimpeleka kwa masista theluji ikiwa imeanza kuyeyuka, barabara ya kilimani imejaa tope jeusi. Kulikuwa na harufu ya sabuni na supu, na chumba kilikuwa kizuri kuliko walivyotarajia, kina dirisha linalotazama bonde. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyopigwa chapa: Bw. M. Hudak.

Metod alifika kizingitini akasimama.

"Ingia, Baba," Dolly alisema. "Ona kitanda chako."

"Si changu."

"Jina lako hilo hapo."

Aliisoma ile karatasi kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa asiyemjua. "Simjui huyu," alisema. "Hakuna namba. Mimi sipandi kitu kisicho na namba." Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Dolly alipojaribu kumbandua kidole kimoja kimoja alipiga ukelele, na milango mingine ikafunguka, vichwa vyeupe vikatokeza kuangalia.

Sista Bernadina, msimamizi, alikuwa mtawa mnene mwenye viatu vya mpira. Akamvuta Verona pembeni. "Mama Hudak, nasikitika sana. Sisi hapa ni watawa tisa na mgongo mmoja mzima. Anayekataa kuingia hatuwezi kumlazimisha. Mwenye kupigana anakwenda kaunti, wao wana wanaume. Fedha zenu tutawarudishia zote."

"Fedha," Verona alisema. Aliiona ile picha kwenye ukuta wa tajiri fulani, na namba isiyo ya mtu yeyote wa Kesler Gap. Akajiona amefuta na bado amekosa.

Akafungua mkoba akatoa brashi.

"Regis. Rangi iko wapi?"

"Iko garini, shemeji. Sikuitoa." Alikwisha kuanza kutembea, haraka kuliko mgongo wake ulivyomruhusu, na aliporudi anahema, Verona alinyoosha mkono wa pili.

"Na fimbo yako."

"Fimbo yangu ya nini?"

"Nipe, mwanaume! Nilisahau fimbo, ndiyo maana siku ile nilitetemeka. Tulikuwa tunaegemeza mkono kwenye fimbo. Mtu anasahauje kitu kama hicho?"

Alibandua ile karatasi. Akaiegemeza ncha ya fimbo kwenye mbao ya mlango, akaweka kifundo cha mkono juu ya fimbo, akachovya.

"Mama Hudak," Sista akasema, "hatupaki rangi kwenye milango. Mlango huu ni mpya."

"Naona."

"Ni mwaloni."

"Mwaloni unashika rangi vizuri, Sista."

Hakuna aliyemzuia. Dolly alikuwa hajawahi kumwona mama yake akifanya jambo lolote polepole, na sasa aliona. Moja. Brashi ikashuka kwa pumzi moja, ikanyanyuka. Moja ya pili. Hapo vidole vilichoka, fimbo ikateleza kidogo sana, akaendelea. Nane, vitanzi viwili bila kurudia. Saba. Metod alikuwa ameachia fremu. Alirudi hatua mbili nyuma, akavua kofia, akazikagua namba kwa jicho moja kama afisa wa ukaguzi.

"Kumi na moja themanini na saba," alisoma.

"Ndiyo," Verona alisema.

"Ni mkono wa yule msichana." Akasogea, akainamisha kichwa. Korido nzima ilikuwa inamsikiliza. "Ila hiyo moja ya pili imeinama, dada."

Verona hakugeuka. Angegeuka angemwona anavyomtazama, na hakujua kama angeweza kustahimili kuwa dada yule kwa dakika moja tu. Alijua jibu lake. Alikuwa amelijua tangu mwaka wa vita. Lilikuwa zito, kwa sababu safari hii angelimaanisha.

"Panda injini yako," alisema, "uende zako."

Metod akacheka. Akavaa kofia yake, akaigusa ukingo kwa vidole viwili kumuaga kama walivyokuwa wakiaga madereva, akavuka kizingiti na kufunga mlango nyuma yake.

Regis alikuwa analia waziwazi, bila fimbo, ameegemea ukuta. Dolly akamjia mama yake lakini hakujua amshike wapi, maana mkono mmoja ulikuwa na brashi na mwingine na kopo. Sista Bernadina alisogea akanyoosha kidole kuelekea kwenye ile moja ya pili.

"Usiguse, Sista," Verona alisema. "Bado mbichi."